Yokohama kwa siku moja na marafiki: anzeni kilimani, jioni iwakute gatini

Kutoka Tokyo hadi Yokohama ni nusu saa na ushei kwa treni, na ukaribu huo ndio unaowafanya watu waende bila mpango. Wanashuka kwenye kituo kikubwa chenye jina la mji, wanajikuta ndani ya maduka yaleyale waliyoyaacha Shibuya, Tokyo, na bahari hawaioni hadi mchana umekwisha. Inasikitisha, maana hii ni bandari ya kutembelewa kwa miguu. Kingo zake ziko wazi kwa kila mtu, viti vipo, vyoo safi vipo bila malipo, na sehemu kubwa ya raha yake haina kiingilio.

Jambo kubwa la kuamua ni mwelekeo. Wengi huanzia Sakuragicho, kwenye majengo marefu, halafu wakamalizia mtaa wa Wachina wakiwa wamechoka. Mimi nashauri mgeuze njia: anzieni upande wa Motomachi, juu ya kilima, mteremke kula, kisha mfuate bahari kurudi kwenye majengo marefu. Mkienda hivyo, kupanda kunakwisha mapema, jua la jioni linawakuta mkiwa mahali pazuri kuliko pote pa kulitazama, na mkimaliza mko mlangoni pa kituo cha treni. Kwa jumla mtatembea kilomita sita au saba, ukihesabu na kuzungukazunguka. Vaeni raba.

Hatua ya 1: Chagueni siku, idadi na saa

Watu watatu hadi sita ni kundi zuri. Mkizidi hapo, migahawa midogo haitawaweka meza moja na kila uamuzi utageuka mkutano. Epukeni Jumatatu kama mnataka kuingia ndani ya meli ya makumbusho nitakayoieleza, kwa sababu siku hiyo hufungwa. Epukeni pia juma la sikukuu mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, Japani nzima inapokuwa safarini.

Kwa hali ya hewa, Oktoba hadi mapema Desemba hakuna mfano: anga safi, baridi ya kuvumilika, na kukiwa kweupe kabisa mnaweza kuuona Mlima Fuji kwa mbali. Aprili na Mei ni vizuri pia. Juni ni mvua, na Julai na Agosti joto lake lina unyevu mzito. Mtu wa Mombasa au Dar atalitambua mara moja, ila atakosa ule upepo wa bahari wa nyumbani. Mkienda miezi hiyo, anzeni kutembea alasiri.

Kabla ya kupanga saa ya kuanza, angalieni saa ya kuzama jua, kwa sababu siku nzima inapimwa kwa hiyo. Desemba jua huzama karibu saa 10 na nusu jioni. Katikati ya Oktoba kama saa 11. Mwishoni mwa Juni hadi saa 1 usiku. Mnatakiwa muwe kwenye gati la Osanbashi nusu saa kabla. Kwa vuli na baridi, basi, kutaneni Yokohama saa 4 asubuhi. Kwa kiangazi hata saa 7 mchana haichelewi.

Hatua ya 2: Pandeni treni inayowafikisha mwisho wa reli

Kutoka Shibuya chukueni reli ya Tokyu Toyoko, treni iliyoandikwa Motomachi-Chukagai. Hicho ndicho kituo cha mwisho kabisa, kwa hiyo hata mkisinzia hampitilizi. Treni ya haraka ya reli hii haina nyongeza ya nauli, nayo hufika kwa dakika zisizozidi arobaini hivi. Nauli ya kwenda iko chini ya yeni 600. Baadhi ya treni hizi huanzia mbali zaidi, Ikebukuro au Shinjuku-sanchome, kwa hiyo mnaokaa huko mnaweza kupanda moja kwa moja bila kubadilisha. Someni kibao cha mbele ya treni, kwani nyingine huishia njiani.

Msipande Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kwa safari hii. Kituo chake kinaitwa Shin-Yokohama na kiko bara, mbali na bandari. Mtalipa zaidi na bado mtalazimika kutafuta treni nyingine ya kuwashusha pwani.

Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, Suica au Pasmo, na iwe na salio la kutosha. Kundi hukwama getini kwa sababu ya mtu mmoja ambaye kadi yake imeisha. Bebeni pia fedha taslimu kidogo, kwani vibanda vingine vya chakula havipokei kadi, na mfuko wa plastiki wa taka zenu: mapipa ya hadharani Japani ni haba, na uchafu wako unatembea nao hadi nyumbani au hadi dukani uliponunua. Bajeti ya yeni 4,000 kwa kila mtu inatosha kwa nauli, chakula cha mchana cha kawaida, meli na kitu kitamu cha jioni.

Hatua ya 3: Pandeni kilima cha Yamate kwa lifti

Mkishuka, tafuteni njia ya kutokea namba 6. Hapa kuna neema ambayo wageni wengi hawaijui: ngazi za umeme na lifti huwapandisha kutoka chini ya ardhi hadi juu ya kilima, ndani ya bustani ndogo ya Amerika-yama. Mnatokea juu bila jasho.

Yamate ndiko walikokaa wageni wa Ulaya na Marekani baada ya bandari kufunguliwa mwaka 1859, Japani ilipoanza kuruhusu biashara ya nje baada ya zaidi ya karne mbili za kuibana sana. Pembeni ya njia kuna makaburi ya wageni, ya watu waliokuja kwa meli kutoka nchi nyingi na hawakurudi kwao. Piteni kwa heshima. Mbele kidogo kuna nyumba za kizamani za mtindo wa Kizungu zilizogeuzwa makumbusho, na kadhaa kati yake mnaingia bure. Berrick Hall ya mwaka 1930 ndiyo ningeichagua kama muda unaruhusu moja tu. Vueni viatu mkiambiwa.

Kisha elekeeni bustani iliyo kwenye ukingo wa kilima, ile wanayoiita Minato-no-mieru-oka. Katikati ya Mei waridi zake huchanua vizuri sana. Lakini mimi huwapeleka watu pale kwa ajili ya kile kinachoonekana ng'ambo: Daraja la Bay, lililofunguliwa mwaka 1989, na gati za mizigo pande zake. Tazameni zile meli zilizofungwa pande zote, ndefu na zisizo na madirisha. Hizo hubeba magari. Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam yameanza safari kwenye gati za Japani za namna hii, yakiwa na usukani kulia kama tunavyoendesha kwetu. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kuona upande wa pili wa biashara hiyo ni jambo la kusimamia dakika chache.

Hatua ya 4: Teremkeni mle, lakini mjue mnakula nini

Kutoka kilimani hadi mtaa wa Wachina ni mwendo mfupi wa kuteremka. Mtauona kwa malango yake ya rangi kali. Ni mtaa mkubwa wenye mamia ya maduka na migahawa, ulianzishwa na Wachina waliofika pamoja na wafanyabiashara wa kigeni bandari ilipofunguka. Pitieni hekalu la Kanteibyo, ambalo asili yake ni ya mwaka 1862, limejengwa kwa heshima ya jemadari Guan Yu, anayeombwa na wafanyabiashara. Kuingia uani ni bure.

Sasa chakula. Kama katika kundi lenu kuna Mwislamu au yeyote asiyekula nguruwe, na makundi yetu mengi yana mtu wa namna hiyo, zungumzeni jambo hili kabla ya kufika. Nguruwe yuko karibu kila mahali mtaani hapa. Yumo ndani ya maandazi meupe ya mvuke yanayouzwa kila kona, yumo kwenye mchuzi wa tambi, na mafuta yake hukaangia hata mboga. Kumwambia rafiki yako achague cha uduvi hakutoshi kama uduvi umekaangwa humo. Alama ya kuiangalia kwenye menyu ni 豚, yaani nguruwe. Mnaweza kuuliza, "Butaniku wa haitte imasu ka?", mkimaanisha kama nyama ya nguruwe imo. Muuzaji atajibu kwa upole, lakini kuhusu mafuta na mchuzi itabidi muulize zaidi, na mara nyingine yeye mwenyewe hana uhakika.

Ushauri wangu kwa kundi la mchanganyiko ni huu: tafuteni mtandaoni siku moja kabla mgahawa wa halali au wa Kihindi uliothibitishwa, au kila mtu abebe chakula chake na mkalie pamoja kwenye nyasi za bustani ya Yamashita, dakika chache kutoka hapo. Waliobaki wanaweza kununua vitu vyao mtaani na kuja navyo. Kula pamoja kuna thamani kuliko kuonja kila kitu. Anayeswali abebe mswala mwepesi. Msikiti wa Yokohama uko wilaya ya Tsuzuki, mbali na bahari, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zitawakuta bustanini. Pembe tulivu haikosekani.

Wasio na mashaka ya chakula, msiingie mgahawa wa kwanza unaowaita. Zungukeni vichochoro vya ndani kwanza. Seti ya chakula cha mchana hupatikana kwa yeni 1,000 na kitu. Na msikubali kila chestnati ya kuonja mnayotiwa mkononi, kwani mfuko mzima hufuata nyuma yake na bei yake si ndogo. Kutikisa kichwa na tabasamu kunatosha.

Hatua ya 5: Ingieni ndani ya meli

Bustani ya Yamashita imekaa juu ya kifusi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto liliiangusha Yokohama na moto ukamaliza kilichobaki. Mabaki ya majengo yakamwagwa baharini, na juu yake ikatengenezwa bustani hii iliyofunguliwa mwaka 1930. Mkikaa pale mkitazama maji, jueni kwamba chini yenu umelala mji wa zamani.

Mbele ya bustani imefungwa kamba meli ya makumbusho, Hikawa Maru. Kama siku hiyo mtalipia kitu kimoja tu, kiwe hiki. Ilijengwa hapa hapa Yokohama mwaka 1930 kubeba abiria kuvuka Pasifiki hadi Seattle. Charlie Chaplin alisafiri nayo mwaka 1932. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alifariki ndani yake mwaka 1938 akirejea kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Vita vilipokuja ikawa meli ya hospitali, na ni miongoni mwa meli chache mno za abiria za Japani ya enzi hiyo zilizosalimika. Imetulia hapa tangu mwaka 1961.

Kiingilio ni yeni mia chache, na hufungwa saa 11 jioni. Anzeni na sebule za daraja la kwanza, zenye mbao zilizong'arishwa na vioo vya mtindo wa miaka ya 1930, halafu mteremke hadi vyumba vya daraja la tatu, vitanda juu ya vitanda. Tofauti hiyo inaeleza safari za baharini za zamani kuliko kibao chochote cha maelezo. Msiache chumba cha injini: ni ghorofa kadhaa za chuma, mabomba na ngazi, na mwenye rafiki fundi atamsubiri sana. Dakika arobaini hazitoshi kwa mtu mdadisi; tengeni saa nzima.

Hatua ya 6: Jioni iwakute Osanbashi

Fuateni ukingo wa maji kwenda kushoto, bahari ikiwa kulia kwenu, hadi gati la abiria la Osanbashi. Gati la kwanza hapa lilikamilika mwaka 1894. Jengo la sasa, la mwaka 2002, lilisanifiwa na Farshid Moussavi na Alejandro Zaera-Polo walioshinda shindano la kimataifa, na paa lake lote ni uwanja wa mbao unaopanda na kushuka kama kilima, wenye majani ya kukalia hapa na pale. Hakuna ngazi ya kukuambia umefika juu. Unatembea tu, mara uko juu ya paa. Liko wazi usiku na mchana, na hamlipi kitu.

Tembeeni hadi ncha kabisa. Maji yako pande tatu. Upande mmoja Daraja la Bay, upande wa pili majengo ya Minato Mirai yakipangana: Landmark Tower ya mita 296, gurudumu kubwa la Cosmo Clock lenye saa katikati, na hoteli yenye umbo la tanga. Kando ya tanga hilo ndipo penye ukumbi wa Pacifico, ambako viongozi wa Afrika wamekutana na serikali ya Japani kwenye mikutano ya TICAD ya 2008, 2013, 2019 na 2025. Jua likizama nyuma ya majengo hayo, taa huwaka moja moja na gurudumu linaanza kubadili rangi. Ndiyo sababu sioni haja ya kulipia minara ya kutazamia mji. Kutoka mnarani mnaona paa za nyumba. Kutoka hapa mnaiona bandari yenyewe, tena mmeketi.

Upepo wa hapa hauna huruma, hata mwezi wa Mei. Kila mtu awe na koti.

Mkiwa bado na mwanga, tafuteni minara mitatu ya zamani upande wa mjini: Mfalme, jengo la serikali ya mkoa la mwaka 1928, Malkia, jengo la forodha la mwaka 1934 lenye kuba ya kijani, na Jack, ukumbi wa matofali mekundu wa mwaka 1917. Mabaharia waliitumia kuutambua mji wakiwa baharini. Watu wa Yokohama husema ukiiona yote mitatu kwa pamoja kutoka sehemu tatu maalumu, yaani hapa Osanbashi, kwenye maghala mekundu, na barabara ya Nihon-odori, katika siku moja, ombi lako hutimia. Kwa kundi la marafiki ni mchezo mzuri wa kutafutana alama, maana sehemu hizo zimewekewa vibao chini.

Kama meli kubwa ya kitalii imefunga gatini siku hiyo, mmebahatika. Ratiba ya meli huwekwa kwenye tovuti ya gati na inafaa kuitazama kabla ya kuchagua tarehe.

Hatua ya 7: Maghala mekundu, na chaguo moja tu

Kutoka gatini piteni bustani ya Zou-no-hana, penye ukuta wa kuzuia mawimbi uliopinda mithili ya mkonga wa tembo. Mkahawa wake huuza aiskrimu yenye sura ya tembo. Nunueni, mpige picha, msonge mbele.

Maghala ya matofali mekundu yalikamilika mwaka 1911 na 1913 kwa ajili ya mizigo ya forodha, na tangu 2002 ni maduka na migahawa. Kwa nje, usiku, yakiwa yamemulikwa, yanapendeza mno. Ndani bei ni za watalii. Uwanja wake huwa na masoko ya msimu, kama lile la Krismasi.

Hapa ndipo makundi hupasuka, kila mtu na lake. Chagueni kitu kimoja. Wapenda michezo waende Cosmo World, ambako hakuna kiingilio cha getini na mnalipia kila mchezo mnaopanda. Kutengeneza kikombe chenu cha tambi kwenye Makumbusho ya Cup Noodles kunafurahisha pia, lakini hiyo ni shughuli ya mchana, hufungwa Jumanne, na viungo vyake vina nguruwe. Ile sanamu kubwa ya Gundam, roboti wa katuni, inayotembea mnayoiona kwenye picha za zamani msiitafute. Maonyesho yake yalifungwa mwaka 2024.

Mvua ikinyesha

Msiahirishe. Meli mtaifurahia vilevile. Kisha nendeni jengo la JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, karibu na maghala mekundu, lenye makumbusho ya uhamiaji ya Wajapani, bila kiingilio. Inaeleza maisha ya Wajapani waliopanda meli kwenda Hawaii, Brazil na Peru kutafuta riziki, wengi wao kupitia bandari hii. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunayaelewa masanduku yale yaliyowekwa pale bila kutafsiriwa.

Hatua ya 8: Rudini kwa njia ya reli ya zamani

Kuna kijigari cha angani, Air Cabin, kinachowapeleka hadi kituoni kwa dakika tano na kwa karibu yeni 1,000. Ni kizuri kwa aliyeumia mguu. Wengine tembeeni Kishamichi, njia iliyojengwa juu ya reli ya mizigo ya zamani, inayokatiza maji kwa madaraja ya chuma. Reli bado zimelala chini ya miguu, na taa za majengo yote mliyoyatazama kutoka gatini sasa ziko juu yenu na ndani ya maji.

Njia inaishia kituo cha Sakuragicho. Hapo ndipo kilipokuwa kituo cha mwisho cha reli ya kwanza ya Japani mwaka 1872, kutoka Shimbashi, na kichwa cha treni namba 110 cha enzi hizo kimewekwa ndani ya jengo la maduka pembeni ya kituo. Mnaweza kukitazama bure mkingoja wenzenu waliokwenda msalani. Wa Tokyo, Ueno na kwingineko upande huo, pandeni treni ya kampuni ya JR moja kwa moja bila kubadilisha. Wa Shibuya, badilisheni kituo cha Yokohama. Treni za mwisho huondoka kuelekea saa 6 usiku, lakini wenye kuunganisha treni mbili au tatu wasivuke saa 4 na nusu.

Mtu mmoja awe ameandika matumizi ya siku nzima kwenye simu. Pigeni hesabu ya michango kwenye treni, kwa sauti ya chini, na kila mtu atume deni lake kabla wa kwanza hajashuka.